Fira wa Garsen

Hawo alipomaliza eda, safari yake ya kwanza ilikuwa banda la nyoka la Garsen. Shemeji yake alikuwa amemkamata hai yule fira aliyemuua mumewe, akampeleka huko watu wamtazame.

"Shemeji, mwenye banda amekubali," alisema, akimpa rungu. "Ukitaka afe, atakufa sasa hivi."

Hawo aliinama kwenye kioo cha sanduku la nyoka. Fira alikuwa anajivua gamba. Kipande kikavu kilimganda jichoni kama ukoko wa wali.

Alingoja chuki imjie. Haikuja, wala machozi hayakuja.

"Piga basi, mama, au wamwonea haya?" mwenye banda akatania.

Kwao hata mbuzi wa kuchinjwa hunyweshwa. Bakuli la fira lilikuwa kavu.

"Mpeni maji kwanza," akasema, na rungu hakuliweka chini.