Kijiko cha Kwanza

Sheria ilikuwa moja tu: dawa huonjwa kwanza na nyumba ya aliyeichuja. Nakiete aliipenda siku alipoajiriwa kiwandani. Mpishi gani, alisema, anaogopa chungu chake?

Leo alisimama mbele ya bomba la kioo, akitazama mchuzi wa uyoga ukishuka taratibu ndani ya unga mweupe na kujitenga rangi kwa rangi. Aliitaka njano peke yake, maana ndiyo iliyokuwa dawa. Akachelewa kufunga koki, na tone moja la buluu likaifuata njano chupani. Kabla hajalimwaga, mtambo ulikwisha kuiziba chupa na kuipiga mhuri wa jina lake.

Nyumbani, kwenye kota za wafanyakazi, watu wake walikuwa wamekwisha kukaa mkekani wakimsubiri. Mama mkwe alishika kijiko.

"Mbona umenuna, Mama Niwaeli?" mumewe akamtania. "Kesho watatupima mate. Asiyeonja hafunguliwi geti, unajua."

"Nilichelewa kufunga koki."

"Hata dawa ya masika ulisema hivyo hivyo, mwanangu," mama mkwe akamwambia kwa upole. "Na tu wazima wote."

Wazima! Tangu masika mwanawe Niwaeli hajalia hata mara moja. Jana aliungua jikoni, akaja kumwonyesha mama yake malengelenge huku akitabasamu.

Sasa yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanua kinywa, kama kinda. Nakiete akamnywesha. Mtoto akameza, kisha akaligusa shavu la mama yake kwa kidole.

"Mama, haya maji yanatoka wapi?"