Mapazia ya Basi la Baba

Basi la mwizi lilikuwa linapakuliwa, na Hatibu alikaa akilitazama bila hasira. Hasira aliimaliza lilipoibwa mara ya kwanza na ya pili. Sasa alitaka kuona rangi ya mapazia tu.

Lilikuwa basi la kwenye gemu. Alilitengeneza mwenyewe kwa miezi saba, hapo hapo kwao Nguvumali: basi lile lile alilokuwa akiliendesha marehemu baba yake kwenda Amani, na mkwaruzo wake ubavuni. Ukiwasha injini, sauti ya baba inasoma dua ya safari. Hatibu aliitoa kwenye ujumbe wa simu, sauti pekee waliyobaki nayo.

Kila toleo aliwapa kwanza marafiki wawili walijaribu, Mselem na Daniel. Mara mbili likazagaa mitandaoni kabla yeye hajalitoa.

"Jina langu wamelifuta," alimwambia mama yake ile mara ya pili.

"Na dua?"

"Dua ipo. Hawajui hata kuitoa."

"Wamechukua watu wangapi?"

"Elfu mbili na ushei."

"Alhamdulillahi," mama akasema, akaendelea kupeta mchele.

Ndivyo alivyo. Tangu azikwe mumewe hakuna aliyemsikia akinung'unika, hata kilipokwama kile kisima alichotaka kumchimbia marehemu kule Pongwe, kiwe sadaka ya kumfuata kaburini.

Yeye naye ana basi lake, kwenye simu ile ile anayotumia kuwapelekea wenzake wa darsa salamu za Ijumaa. Haliendeshi. Akishasali alfajiri huliwasha, akasikiliza, akalizima. Kila toleo Hatibu humpa naye; hili jipya akamfungia mapazia meupe, rangi ya kanzu za baba.

Faili za wenzake alizifunga kwa neno la siri, na kila moja akaitia alama. Ya Daniel mapazia ya kijani. Ya Mselem mekundu. Hakuwaambia kitu. Rangi itakayoonekana kwa mwizi, mwenye rangi hiyo hatavuka tena kizingiti chao.

Mselem alikuja kuichukua yake mwenyewe. Walisoma chuo kimoja cha Kurani tangu hawajang'oa meno ya utoto.

"Mekundu, kaka? Umefungua saluni humu?"

"Chukua uende."

Mselem akamtazama. "Unanidhania mimi."

"Sijasema."

"Huna haja ya kusema. Basi lenyewe breki zake hazishiki, nani akuibie?" Alijaribu kucheka, kicheko hakikuja. Akapitia uani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Mama hakuinua uso kutoka kwenye ungo.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo Jumamosi, basi limeshatoka tena, kwa jina la mtu wasiyemjua.

Upakuaji ukaisha. Hatibu akaingia kwenye gemu. Kama ni mekundu, atampigia Mselem, atamwambia maneno mawili, atakata. Maneno alishayapanga, na hayakumuuma tena.

Akawasha injini. Sauti ya baba ikajaa chumbani, taratibu, kama alfajiri zile. Akageuza kamera kuelekea ndani.

Meupe. Siti ya kwanza hadi dirisha la nyuma, meupe yote.

Mlango ukasukumwa kidogo. Mama alisimama na tasbihi mkononi, kichwa amekiinamisha mpaka dua ilipokwisha.

"Amin," akasema. "Na safari hii, mwanangu, imewafikia watu wangapi?"