Maji ya Namkunda

Sheria ya mgao ilisema kila mtu ana maji yake, na mwanamke akiolewa, maji yake humfuata kwa mumewe. Siku Namkunda alipoolewa, bomba la kwao lilijipunguza lenyewe kabla wageni hawajaondoka.

Bwawa la mama yake, Nakiete, lililojazwa na bomba hilo, likaanza kukauka. Magimbi aliyopanda ukingoni, ambayo ndiyo yaliyokuwa chakula chake na mboga yake, yakabaki kwenye tope, kisha kwenye udongo mkavu. Kila asubuhi aliyamwagia maji aliyooshea vyombo.

Mwaka wa pili, akiwa anachimba magimbi membamba kama vidole, alimwona binti yake anapanda kilima na begi kichwani, jicho moja limevimba.

“Shikamoo, Mama. Nimerudi.”

Nakiete hakuitikia. “Na maji yako je?”

“Yamebaki kule. Hata talaka hairudishi maji.”

Mama aliingia jikoni, akachemsha magimbi yote aliyochimba, akayamenya na kumchagulia mwanawe yale laini.

“Kula ushibe, mwanangu,” alisema bila kumtazama. “Kesho nitakusindikiza urudi kwa mumeo.”