Mlima wa Mtalaka

Siku hizo theluji ilikuwa imeadimika, na sheria ya Amerika iliipa kila nyumba mlima mmoja tu wa kuteleza kwa mbao za theluji, maisha yao yote. Zaituni na mumewe Badi, wakazi wa Denver, walibakiwa na milima miwili ya kuchagua: Jackson Hole, wenye miteremko mikali kama ukuta, na Alta, wenye theluji laini kama unga uliochekechwa.

Tangu usichana Zaituni alikuwa akiiota miteremko ya Jackson.

"Basi tuchague huo," Badi alisema. "Hata Rukia anasema hauna mfano."

Rukia alikuwa mtalaka wa Badi. Moyo wa Zaituni ulimruka.

"Kumbe bado mnazungumza?"

"Salamu tu, mke wangu. Yeye alishauchagua zamani."

"Basi sisi ni Alta!" Kabla mumewe hajafungua kinywa tena, Zaituni alibonyeza kidole gumba kwenye kioo cha serikali cha kusajilia milima. Uamuzi huo haukuweza kutenguliwa.

Majira ya baridi wakaenda Alta. Theluji iliwafika kiunoni. Badi alishuka akicheka, akapanda, akashuka tena, na jina la Rukia halikumtoka kinywani kabisa.

"Umechagua vyema, mke wangu! Njoo!"

Zaituni hakusogea. Alisimama kileleni akitazama kaskazini, uliko Jackson, akimwona Rukia moyoni mwake akiteremka peke yake kwenye ule ukuta mweupe aliouota yeye tangu usichana. Wivu ukamchoma upya, na safari hii haukuwa wa mume.