Nani Aliliendesha Kopo?

Kabla ya alfajiri, kifuniko cha sufuria kilianza kutetemeka jikoni, tiki-tiki-tiki, ingawa moto ulikuwa haujawashwa. Mama Happiness alikiwekea mkono, kikatulia. Alijua ni gari. Chilangala nzima, huku Newala, haina gari lenye kishindo kile. Lilikuwa limepanda mlima kutoka Masasi.

"Swalehe," alimwita mjukuu wake, "amka. Mgeni wako amekuja na hasira zake."

Bwana Abdulazizi, mwenyekiti wa mashindano ya magari ya Lisekese, hakupiga hodi. Alishuka, akaenda moja kwa moja kwenye Starlet kuukuu iliyosimama uani, akalipiga teke gurudumu lake. Jana naye alishindana, na mbele ya umati Starlet hiyo ilikuwa imempita.

"Nani aliliendesha kopo hili?" alifoka.

"Hujasalimia," alisema Mama Happiness.

Abdulazizi alimeza mate. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, gomba sasa."

Akagomba. Sheria inataka dereva awe mkazi wa Masasi au Newala. Swalehe hakuendesha, kila mtu alimwona amekaa kando, mguu umefungwa plasta. Huyo dereva alivaa helmeti tangu mwanzo, akavuka mstari wa mwisho, akapitiliza hadi huku juu bila kushuka.

"Mmekodi dereva Dar! Nikiondoka hapa bila jina, ushindi nafuta, na kopo hili halitakanyaga tena mashindano yangu!"

Swalehe alijiegemeza kwenye gongo lake. Miaka miwili alikuwa ameitolea Starlet ile. Ilikuwa ya marehemu babu yake, ambaye maisha yake yote alikaa kiti cha kushoto akipungia watu mkono. Baada ya msiba ilisahauliwa chini ya mkorosho mpaka kuku wakatagia ndani. Swalehe aling'oa viti vya nyuma, akachomelea mabomba ndani ya bodi ili paa lisije likamponda mtu, akaifumua injini na kuifunga upya, vipuri akivichomoa kwenye magari mabovu. Kisha, mashindano yakiwa yamekaribia, jeki iliteleza ikamvunja mguu. Wengi walimwambia aiuze kama chuma chakavu.

"Ulinicheka gereji mbele za wateja wangu," alisema. "Ulisema huku juu hakuna kitu ila vikongwe na mikorosho. Leo tumekuwa matapeli?"

"Jina!"

Swalehe alimtazama bibi yake.

"Nyumba hii hatusemi uongo," alisema bibi. "Mjibu mgeni."

"Sijaona," alisema Swalehe.

"Hujaona? Ulikaa mbele ya kila mtu!"

Majirani walikuwa wameshasogea kwenye uzio. Abdulazizi alimnyooshea kidole Mzee Nikolao, aliyekuwa akielekea shambani.

"Wewe, mzee! Nani aliendesha?"

"Sijaona," alijibu Nikolao, macho kwenye jembe lake.

"Na wewe, dada?"

Bibiana, muuza vitumbua, alijifunika mdomo kwa khanga. "Sijaona, kaka. Haki ya Mungu. Sijaona."

"Hata Kiswahili kinawapiga chenga! Mashindano yalikwisha jana. Watu husema 'sikuona'!"

"Sisi tunasema tulivyozoea toka utoto," alisema Nikolao. Nyuma ya uzio mtu alichekea puani.

Abdulazizi akafungua mlango wa Starlet kwa nguvu, akajitupa kwenye kiti cha dereva. Magoti yakagonga usukani. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa, na juu yake mto uliotariziwa maua.

"Na mwenyewe kibushuti!" Aliutupa mto mavumbini.

Swalehe aliinua gongo. Bibi yake alilishika kwa vidole viwili tu, likashuka.

"Mwache," alisema. "Hajala huyo. Ametoka Masasi usiku."

Aliuokota mto, akaukung'uta. Kisha akamletea mgeni maji ya kunawa, kopo limejaa, na maji ya huku juu si ya kuchezea. Akampa chai na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini. Abdulazizi alianza kula amesimama, akihema kama ng'ombe dume. Baadaye akakaa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Vumbi hilo limekuumiza," alisema Mama Happiness, akimwongezea chai. "Mtu akiwa mbele yako kwenye kona, usimng'ang'anie kisogoni. Subiri litulie."

Abdulazizi alikuwa anatafuna, wala hakulijali neno hilo. Alipomaliza alifuta midomo, akashusha pumzi. Sauti nayo ilikuwa imeshuka.

"Mama, hawa wananichezea. Wewe ni mtu mzima, umenilisha, huwezi kunidanganya. Niambie jina. Akiwa mkazi wa hapa kweli, naapa mbele ya majirani zako wote, ushindi ni wa mjukuu wako na gari lake litashindana wakati wowote lipendao. Nami nitampa mkono huyo dereva."

"Umeapa?"

"Nimeapa. Ila usiniambie hujaona."

Mama Happiness alikaza khanga yake kiunoni, akaurudisha mto kwenye kiti cha dereva, akaupigapiga mpaka ukakaa sawa. Kisha akamgeukia mgeni na kumpa mkono.

"Happiness ni binti yangu, baba. Mimi mwenyewe naitwa Sijaona. Uje tena kututembelea."