Hewa ya Mlimani

Usijifanye huoni. Unausifu mvinyo huu mwekundu, eti mzito, eti unabana ulimi kwa sababu zabibu zake zimechomwa na jua la mlimani mchana na kupigwa baridi usiku mpaka zikaota ngozi nene. Sawa. Lakini tangi lake hujawahi kulichungulia hata siku moja.

Chungulia leo. Mvinyo umeshatolewa, chini yamebaki makapi ya zabibu, na lazima mtu ashuke kuyazoa. Makapi hayo bado yanachacha. Yanatoa hewa nzito isiyo na harufu. Ukiivuta unalala, huamki. Ndiyo maana wafanyakazi huteremsha mshumaa kwanza. Ukiendelea kuwaka, mtu anashuka. Ukizimika, hashuki mtu.

Leo ulizimika. Wakauteremsha tena. Ukazimika tena.

"Baba watoto, usishuke," alisema mke wa mfanyakazi aliyepangiwa kushuka. Aliishikilia kamba ya kumfungia mumewe. Kaka yake alitolewa humuhumu, midomo imemgeuka rangi, na wakubwa wakasema ni moyo. Yeye hajasahau.

"Shemeji, usituletee mikosi," mnyapara alicheka. "Huku juu hewa ni nyepesi. Moto hauwaki kama kwenu bondeni. Kwani wewe umesomea wapi mambo haya?"

"Sikusoma. Nilizika."

Mnyapara akaacha kucheka. "Asiyeshuka aende nyumbani, na asirudi."

"Yaishe, mama watoto," mume alisema, akijifunga kamba kiunoni. "Nikichelewa, ujue nimelewa."

Wenzake wakacheka.

Akashuka ngazi. Koleo likasikika likikwangua sementi: kra, kra. Mke aliinamia mdomo wa tangi, akisikiliza kama mtu anayesikiliza pumzi za mtoto mgonjwa. Kra. Kisha kimya.

"Baba watoto?"

 Aliivuta kamba kidogo. Ilikuwa nzito, kama imefungwa kwenye jiwe.

"Anapumzika tu," mnyapara alisema. "Hewa ya mlimani inachosha."

Wanaume wakatazamana, wakatazama chini. Hakuna aliyesogea. Na mnyapara, palepale aliposimama juu ya tangi, akaweka sigara mdomoni na kuchomoa njiti ya kiberiti. Ikawaka mara ya kwanza. Moto ukasimama wima, haukuyumba.

Wewe! Unangoja nini? Shika kamba, vuta!