Begi la Mlangoni

Tangu tukimbie Uvira nina kanuni moja: begi la nguo likae mlangoni, limejaa, tayari kwa safari. Hapa kambini Nakivale, Uganda, nimezaa watoto wawili, na begi halijahama.

Leo nilitaka kitenge cha kuvaa harusini Mbarara. Nikaingiza mkono penye zipu iliyokatika. Nikadonolewa! Kuku wetu ameketi juu ya nguo, anaatamia mayai.

Mume wangu akacheka. "Mama Sonia, na tukipashwa kukimbia?"

"Tutamungojea kwanza."

Nikachomoa nguo moja moja, polepole, asishtuke. Sweta nikamwachia. Nguo zikanijaa mikononi. Nikautazama ukuta wetu, ambao haujawahi kupigwa hata msumari mmoja.

"Baba Sonia, enda uombe nyundo kwa jirani."